Sabuni ya kipande imeibwaga sanitaiza: vitu vya kunawia kabla ya kupima sukari nyumbani

Hii ni rivyu ya vitu vya kunawia mikono, ila siangalii harufu wala ulaini, naviangalia kwa kazi moja tu, kumsafisha mtu kidole kabla hajajitoboa apime sukari. Nimeamua kuandika kwa sababu ukiuliza dukani utauziwa chochote chenye picha ya vijidudu vimekufa kifudifudi, na kusema ukweli vijidudu sio shida yetu kubwa hapa, shida yetu ni utamu uliogandia kwenye ngozi. Kwetu anayepima ni Bi mkubwa, mama yangu mzazi, ana kisukari aina ya pili, vidonge asubuhi na jioni halafu insulini usiku, mashine ni hizi za kawaida za stripu, na mnunuzi wa stripu (vile vijiti bapa vya kuwekea damu), lanseti (visindano vya kutobolea kidole), sabuni na makorokoro yote ni mimi, kwa hiyo hela inayopotea ni yangu na leo mtanivumilia.

Kwa wasio na muda: sabuni ya kipande ya kawaida kabisa, maji tiririka, taulo kavu safi, basi, tano kwa tano. Pamba za spiriti tatu. Sanitaiza mbili, na hizo mbili nimempa kwa huruma. Sabuni ya maji yenye asali na maziwa na sijui parachichi nimeipa moja kwa sababu inanukia. Wenye muda tuendelee.

Watu wengi hawajui tone lenyewe ni dogo kiasi gani. Stripu nyingi za siku hizi zinafyonza damu kama nusu maikrolita hivi (maikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita), nyingine chini ya hapo, nyingine hadi maikrolita moja. Sasa chukua mtu mwenye sukari ya 6 (namba zangu zote hapa ni za kipimo cha mmol/L), hiyo nusu maikrolita yake ina glukosi kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya miligramu. Punje moja ya sukari ya chai ina uzito mara mamia kupita hapo! Yaani kikibaki kidoleni kiutamu ambacho hukioni wala hukihisi, namba inaweza kupaa hata mara mbili na mashine haina kosa lolote, imesoma ilichopewa, glukosi ya kwenye damu na glukosi ya kwenye ngozi kwake ni ile ile.

Na hapa kuna kitu kinanichekeshaga. Sukari yenyewe ya mezani, ile ya kuwekea chai, stripu haiioni, kwa sababu kimeng'enya cha kwenye stripu kinatafuta glukosi na sukari ya mezani ni sukrosi, glukosi na fruktozi zimeshikana bado hazijaachana. Wanaokuharibia namba kwa kweli ni wale tunaowaita wa afya: chungwa, zabibu, ndizi mbivu, asali, juisi ya kukamua nyumbani, na ile glukosi ya unga ya kopo tunayowapelekea wagonjwa hospitali. Ila msije mkaanza kuwa wakemia jikoni mkahesabu umeshika nini na nini, we nawa.

Tuanze na sanitaiza maana ndo kipenzi cha watu. Ilivyoingia 2020 na Korona kila nyumba ikawa na chupa mlangoni na nyingine kwenye pochi, na tangu hapo imani imejengeka kwamba mkono uliopakwa sanitaiza ni mkono msafi. Msafi wa vijidudu sawa, sibishi. Lakini sanitaiza haiondoi kitu, inaua halafu inakauka, na kilichokuwepo kwenye ngozi kinabaki pale pale, tena glukosi haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi kwa hiyo unachofanya ukisugua sugua ni kuutembeza utamu kutoka kidole cha shahada mpaka cha pete, na cha pete ndo watu wanapendaga kutoboa. Siku moja jioni Bi mkubwa amejipima imesoma 13 na kitu, akaniita kwa sauti ya kesi kabisa, "Mwanangu, hii mashine yako imechanganyikiwa, mimi mchana nimekula ugali kidogo na mchicha." Nikamuuliza mama umeshika nini muda si mrefu. "Nimemmenyea mjukuu wako chungwa, lakini nimepaka dawa." (Mjukuu wako anamaanisha mtoto wangu, akikasirika anachanganyaga.) Dawa ndo hiyo sanitaiza. Akaenda kunawa kwa sabuni, akajifuta, tukatoboa kidole kingine, 7.4. Ni jioni hiyo hiyo, chungwa hajala hata kipande.

Sasa fikiria mtu anayejidunga insulini akiamini ile 13. Hiyo ndo inayonitoaga jasho. Namba ya uongo ya juu inaweza kumfanya mtu aongeze dozi ambayo mwili hauihitaji, sukari inashuka chini ya 4 usiku watu wamelala. Kwa hiyo pale nyumbani sheria ni moja, namba ya kushangaza haifanyiwi kitu mpaka mtu anawe upya na kupima tena. Labda kama mtu ana dalili, anatetemeka, jasho, haelewi, hapo hamna cha kunawa, unampa kitu cha utamu kwanza.

Na sio Bi mkubwa peke yake. Wajapani walitoa utafiti 2011 kwenye jarida la Diabetes Care, wakachukua watu wasio na kisukari wakawamenyesha machungwa, zabibu na kiwi, halafu wakawapima kidoleni. Waliopimwa bila kunawa namba zilikuwa juu kupita kiasi, waliopanguswa kwa pamba ya alkoholi nao bado zilikuwa juu, walionawa kwa maji ya bomba wakarudi kawaida. Maji ya bomba! Mi nikisoma vitu kama hivi na nikikumbuka hela niliyomwaga kwenye chupa zenye pampu nasikia uchungu.

Kingine cha sanitaiza ni kile kinachobaki ikishakauka. Ile fomula ya Shirika la Afya Duniani ambayo watu wengi walikuwa wanaiga kuitengeneza ina ethanoli asilimia 80, haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 na glisarini asilimia 1.45, glisarini imewekwa ili ngozi isipasuke. Zile za dukani zinaongezewa aloe vera, marashi, na vya kuzifanya ziwe nzito kama jeli. Alkoholi inaruka, hivi vingine vinabaki kama utando unaonata, ndo ule ambao ukigusanisha vidole unavisikia vinashikana. Sisemi glisarini ni sukari ya kwenye damu, sio, nasema tone la damu linaanguka juu ya utando ambao umekumbatia kila ulichoshika leo. Na ukitoboa kabla haijakauka ndo mbaya zaidi, alkoholi inachanganyika na damu, tone linatawanyika badala ya kukaa duara, stripu inafyonza vibaya, aidha namba ya ajabu au mashine inaleta kosa na stripu imeenda. Ukichukua kopo la stripu hamsini ukagawa bei yake, moja haiachani mbali na kipande cha sabuni, sasa kwa nini uichome bure.

Haya sabuni ya maji yenye asali. Jina silitaji, ni hizi za chupa ya kupendeza zimeandikwa kulainisha na kurutubisha, nilinunua supamaketi kwa sababu mikono ya mama ilikuwa inakauka kwa kunawa nawa. Povu zuri, harufu tamu, mikono laini kama ya mtoto. Tatizo ni kwamba imetengenezwa ili iache kitu kwenye ngozi, ndo kazi yake, na sisi tunataka sabuni isiyoacha kitu. Ukisuuza haraka haraka bado kidole kinateleza. Kama asali iliyomo ni ya kweli basi theluthi hivi ya asali ni glukosi, na kama ni harufu tu basi umeuziwa harufu, vyovyote vile umeshindwa. Inawezekana ukisuuza sana inatoka yote, sikatai, ila nani nyumbani kwenye maji ya ndoo atasuuza sabuni ya kuteleza dakika nzima? Nimeihamishia bafu la wageni, wanaisifia sana.

Pamba za spiriti, zile zilizofungwa moja moja kwenye vikaratasi, ziko katikati. Faida yake ni kwamba kuna kupangusa, unasugua na kile kitambaa kinaondoka na uchafu kiasi, sio kama sanitaiza unayopaka ukaacha. Kwenye safari au hospitalini sawa. Ila masharti ni mawili na watu hawayafuati, usugue kweli kweli sio kugusa, halafu uache ikauke yenyewe, usipulize kwa mdomo (jamani mnapuliza na mate humo humo) na usipeperushe mkono hewani kama unafukuza inzi. Na ukitumia kila siku mara kwa mara ngozi ya ncha za vidole inakauka na kuwa ngumu, ikiwa ngumu kutoboa kunauma zaidi na damu inatoka kwa kubembelezwa. Kwa mtu anayepima mara moja moja poa, kwa anayepima kila siku mi simshauri.

Jirani mmoja akaniambia kwa nini msitumie maji yenye klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe unaweka kidogo kwenye ndoo kama enzi za Korona. Hapana. Ngozi itaisha, na klorini nayo haina habari na utamu. Halafu kwa wale ambao bado wanapima sukari kwenye mkojo kwa vijiti vya rangi, mabaki ya klorini kwenye chombo cha kukingia mkojo yanaweza kukigeuza kijiti rangi kikaonyesha sukari ambayo haipo. Hilo ni la mkojo sio la damu, ila nimelisema kwa sababu nawajua watu wanavyopenda kuosha kila kitu kwa ile dawa.

Sasa bingwa wetu. Sabuni ya kipande, iwe ya mche uliokatwa au ya kuogea isiyo na mbwembwe, nyeupe, ya kijani, ya kahawia, haijalishi. Sukari inapenda maji kuliko kitu chochote, inayeyuka inaondoka, sabuni inasaidia kung'oa mafuta yaliyoishikilia, na maji yanayotiririka yanabeba vyote viwili. Kwa hiyo kopo au ndoo yenye koki inashinda beseni, kwenye beseni unachovya mkono kwenye maji uliyoyachafua mwenyewe. Maji yakiwa ya vuguvugu ni bonasi, vidole vinapata damu na huhitaji kukamua, hasa asubuhi za mwezi wa saba kwa walioko Njombe na Arusha huko. Kukamua kidole kwa nguvu nako kunaharibu, unatoa majimaji ya kwenye nyama yanachanganyika na damu. Ning'iniza mkono chini kidogo, toboa pembeni ya ncha sio katikati, tone litakuja lenyewe.

Malalamiko yangu kwa bingwa ni kwamba anakausha mikono na akiachwa kwenye sahani yenye maji anageuka uji. Ndo hayo tu, na ya pili ni kosa la anayeweka.

Halafu kukausha, hapa ndo watu wanaangukia wakiwa wamefanya yote vizuri. Kidole kibichi kinapunguza damu nguvu, maji yanaingia kwenye tone na namba inashuka kuliko ukweli, kwa hiyo mtu sukari ni 9 yeye anaona 7 anafurahi anaongeza chapati. Maji yanadanganya kwa upole ndo maana hayashtukiwi, chungwa angalau linapiga kelele. Na taulo yenyewe iwe ipi? Isiwe ile ya jikoni iliyofuta mikono ya watoto waliokula embe. Sisi tumemtengea Bi mkubwa kitaulo chake kidogo, kimening'inia peke yake, kinafuliwa na kuanikwa juani, na mtu akikigusa kuna hotuba. Pia mkono mbichi usiingie kwenye kopo la stripu, stripu zinachukia unyevu, na sisi wa pwani hewa yenyewe tayari ni mvuke, chomoa moja funga kifuniko hapo hapo.

Losheni na glisarini ya mgando au ya maji ni baada ya kupima, sio kabla. Najua hapa nagusa mila za watu, asubuhi mama zetu hawatoki chumbani bila kujipaka, ngozi ing'ae ndo ifungue mlango. Tulichofanya ni kugeuza ratiba, unaamka, unanawa, unapima ukiwa bado hujala, ndo unajipaka ukamaliza kopo zima ukitaka. Kama umeshajipaka, nawa kwa sabuni kwanza. Mafuta ya mgando hayana sukari lakini tone halikai juu yake, linateleza linakimbia pembeni na stripu inakufa njaa.

Muda ambao mikono inakuwa hatari kuliko wote ni pale mtu sukari imeshuka. Utaratibu wanaofundishwa wengi ni kula kama gramu 15 za utamu, kusubiri dakika 15, kupima tena. Sasa huyo mtu dakika chache zilizopita alikuwa anatetemeka ameshika juisi, ameikoroga glukosi ya unga kwa kidole, imemwagikia mkononi, akipima tena na vidole vile vile anaona 8, anajua amepona analala, kumbe damu bado iko 3 na kitu. Hapo sanitaiza haisaidii, hapo ndo mwenzake amshike mkono ampeleke kwenye maji, au ampelekee maji alipo.

Na kama maji hamna kabisa? Yanatokea, bomba linakuja linapojisikia. Waholanzi nao mwaka huo huo wa 2011, jarida lile lile, waliwapima wagonjwa 123 wa kisukari wakilinganisha tone la kwanza na la pili, ushauri wao: ukinawa na kukauka tumia tone la kwanza, ukishindwa kunawa na huna uchafu unaoonekana wala hujashika kitu chenye sukari, futa tone la kwanza tumia la pili. Walioshika tunda, tone la pili liliwapa namba bora zaidi kuliko la kwanza ila sio wote, kwa hiyo sio kibali cha kula embe na kupima. Mi kwenye mkoba wa mama wa safari naweka kachupa ka maji, kakipande ka sabuni kwenye kikopo, na kitambaa. Hakuna cha ziada na hakuna kinachovuja.

Hili la tone liwafikie na wale wa mabanda ya kupima afya bure, hasa karibu na Novemba 14 siku ya kisukari duniani. Nia yao nzuri na nawashukuru, lakini foleni inapita kwa wauza matunda, mtu anafika na kipande cha nanasi mkononi, anapanguswa mara moja kwa pamba, anatobolewa, anaambiwa 12 na presha nayo inapanda hapo hapo. Ndoo moja ya maji yenye koki mwanzo wa foleni ingeokoa watu wengi na usiku wa mawazo.

Ila tusimsingizie kidole kila kitu. Mashine zenyewe zina ruhusa ya kukosea kidogo, kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kinataka asilimia 95 ya namba ziwe ndani ya asilimia 15 ya ukweli sukari ikiwa 5.55 kwenda juu, na ndani ya 0.83 ikiwa chini ya hapo. Maana yake 8 ya kwenye kioo inaweza kuwa ni 7 na kitu au 9 na kitu na bado mashine ni nzima. Kwa hiyo ukinawa ukapima 8.1 halafu 7.6, hiyo sio sabuni, hiyo ni mashine inapumua. Rivyu zinazosema sabuni fulani "inashusha sukari" kwa sababu namba imepungua kwa 0.5, achaneni nazo. Ikicheza kwa 0.5 usishtuke, ikiruka kwa tano sita ndo ukanawe.

Wipsi za watoto sasa, niliahidi mwanzoni kwenye kichwa changu hata kama sikuandika. Mbili kwa tano. Zinafuta, ndiyo, lakini zina losheni ndani na zinaacha kidole kibichi, kwa hiyo umepata matatizo mawili kwa pakiti moja. Zisizo na manukato zilizoandikwa maji matupu ni nafuu kidogo, ukifuta mara mbili na ukakausha kwa tishu kavu zinaweza kukuvusha kwenye basi kati ya Moro na Dodoma. Bei yake sasa, kwa pakiti ile unapata sabuni za mwezi, na mimi mwezi huu nimenunua sabuni.